Chupa Zilizooshwa kwa Udongo

Mtu akiacha kula na wewe sinia moja, ana jambo. Nililelewa hivyo Kongwa, na mpaka leo sijaona sababu ya kufundishwa vingine. Mtu anaweza kukuchekea, anaweza kukusalimia asubuhi mpaka akawaulizia na mbuzi wa kwenu, lakini mkono wake ukianza kukwepa ugali wako, mwangalie vizuri.

Shaban aliacha kula nasi mwezi wa pili. Hakugombana na mtu. Alisema tumbo linamsumbua, na kesho yake akaja na kontena lake la plastiki, akakaa nalo kwenye ngazi ya nyuma akiwa ametupa mgongo. Huyu ndiye mtu aliyekuwa akinidhihaki mboga yangu ya mlenda kila siku, akisema Wagogo tunakula kamba, huku akiuvuta mpaka sahani inang'aa. Tumbo gani hilo linalokataa mlenda na kukubali pilau? Nilianza tu kumtazama.

Tulikuwa watatu katika kiwanda kile, kama nyumba ya kupanga yenye gereji huko Nzuguni inaweza kuitwa kiwanda. Mwenyewe ni Dokta Optatus, mtu wa Bukoba, mkemia, mwenye haraka ya maneno na uvivu wa kusikiliza. Shaban, mtoto wa mjini hapa hapa, ukoo wa wafanyabiashara waliofika Dodoma na misafara, alishika vyombo: kuviosha, kuvipakia, na mwisho kujaza bidhaa. Mimi, Ruthu, napima.

Bidhaa yetu ni chambo cha dumuzi mdogo, yule mdudu mweusi anayetoboa punje ya mtama akakuachia ganda na vumbi. Dume lake likipata chakula hutoa harufu ya kuwaita wenzake. Sisi tunaitengeneza harufu hiyo, tunaitia kwenye kipande cha mpira, mpira unawekwa kwenye mtego wa gundi, mtego unatundikwa juu ya kihenge. Wadudu wanakuja wakidhani wamealikwa, wananasa.

Ugumu uko hapa. Kemikali tunayoanzia, inayokuja kwa madumu, ni mchanganyiko wa vitu viwili vinavyofanana kama kandambili ya kulia na ya kushoto. Uzito mmoja, harufu moja kwa pua yangu na yako, na vyote vinachemka kwenye joto moja. Jicho haliwezi kuvitenga, ila mguu unajua kandambili yake, na mdudu naye anajua. Anataka ya kushoto. Ya kulia ikizidi kidogo tu, anageuza njia.

Kinachotutengea ni kimeng'enya, yaani kile kitu ambacho mwili wa kiumbe hukitumia kusaga chakula. Kwetu ni unga unaofanana na unga wa muhogo. Unautia kwenye mchanganyiko, nao unaikamata ya kulia, unaifunga kwenye mafuta mazito, ya kushoto unaiacha. Halafu unapasha moto. Iliyoachwa huru inapanda kama mvuke, unaikinga upande wa pili ikiwa safi. Sharti ni moja, ukavu. Maji yakiingia kwenye chupa, hata utando tu, unga ule ule unaanza kufungua iliyokuwa imefungwa, na kandambili zinarudi kuchanganyika.

Mimi ndiye ninayesema ni safi au si safi. Nina mashine inayopitisha mwanga kwenye bomba la kioo lenye harufu yetu. Harufu safi huuzungusha mwanga kwa kiasi kinachojulikana; ikichafuka, mzunguko unapungua. Mwaka jana wote nilikuwa nasoma tisini na nane kwa mia. Mwezi wa pili nikasoma tisini na moja. Mwezi wa tatu, themanini na saba. Nikapangusa kioo, nikasoma tena, ikawa ile ile.

Siku hiyo hiyo mama akapiga simu.

"Mbukwa, Ruthu."

"Mbukwa, mama."

"Mitego yako imelala. Ina wadudu watatu, na hao nadhani walipotea njia." Akashusha sauti. "Jana nimeweka sikio kwenye kihenge. Nasikia wanatafuna."

Mtama uliokuwa kwenye kihenge kile ndio ulikuwa chakula cha nyumba mpaka mavuno, na mavuno yalikuwa bado mbali. Wala mama hakuwa peke yake. Kikundi chao kizima cha akina mama kilikuwa kimeacha dawa ya unga na kutundika mitego yetu, kwa neno langu mimi, niliyesimama mbele yao kanisani nikasema kitu hiki kinafanya kazi. Nikafunga simu nikiwa na hasira ya kutafuta mtu.

Nikampelekea Optatus namba zangu. Akazitazama, akatazama mlango wa gereji ambako Shaban alikuwa anapanga chupa.

"Kuna mtu anatuchezea," akasema. "Mimi unga wangu ni mzuri. Wewe mashine yako ni nzima. Amebaki nani?"

"Nimuulize?"

"Usimuulize." Alilisema haraka mno. "Ukimuuliza ataficha. Wewe mfuatilie tu kimya kimya. Fungu lijalo la harufu likitoka chafu, nampeleka polisi. Hii ni hujuma, Ruthu, na watu wako wa Kongwa ndio wanaoumia."

Sikupenda ile haraka. Lakini nilikuwa na mama aliyeweka sikio kwenye kihenge, nikaiacha ipite.

Basi nikafuatilia, na mambo yakaanza kujileta yenyewe. Shaban alikuwa amekuwa mtu wa kubadilisha shati. Anakuja na moja, anafanya kazi na jingine, jioni analifunga kwenye mfuko kando na vitu vyake kama lina ukoma. Alikuwa anavaa glavu mbili mbili. Kwenye begi lake aliweka kopo la maziwa ya unga, na siku aliyoliacha wazi nikachungulia: udongo mwekundu, mkavu, uliochekechwa vizuri. Nikakaa na lile kopo mkononi, nikijiuliza mtu anachekecha udongo ili aupike nini.

Halafu simu. Alikuwa akipigiwa mchana, anatoka mpaka kwenye tangi la maji, anaongea kwa sauti ya chini. Siku moja nikapita na ndoo tupu nisiyokuwa na kazi nayo.

"Hawajui kama najua," alikuwa anasema. "Wakijua, nadhani wataniondoa. Nivumilie kidogo, Ustadhi."

Aliponiona akakata. "Dada Ruthu, maji yamekuja leo?"

"Si uko kwenye tangi wewe?" nikamjibu.

Akacheka kidogo, na mimi nikacheka, wote wawili tukiwa hatuna cha kuchekea. Usiku ule nililala vibaya. Nilikuwa nimempenda Shaban, nisifiche. Si mapenzi ya kuolewa, ana mke wake Yusra na nilicheza kwenye harusi yao. Nilimpenda kama unavyompenda mtu mliyebeba naye meza za kwanza za kiwanda mkaumia migongo pamoja. Ndiyo maana iliniuma.

Fungu la Kongwa lilipangwa kuanza Alhamisi alasiri. Optatus mwenyewe alikuwa na tabia ya kuingiza chupa kwenye oveni jioni anapofunga, zikauke usiku kucha, na asubuhi zinatolewa zikiwa kavu kama mfupa. Saa saba mchana yeye huenda mjini kula. Alhamisi ile akaondoka, akanikonyeza. Nikajifanya nimelala juu ya meza yangu ya kupimia, dirisha nikiwa nimeliacha nusu.

Shaban akatoka na kreti la chupa zile zile zilizotoka kwenye oveni. Akazipeleka nyuma, penye tangi. Ilikuwa wiki ya mgao wa maji. Maji tuliyokuwa nayo yalikuwa ya kununua kwenye boza, lori la maji, na kila ndoo ilikuwa na sheria yake. Yeye akachota. Akafungua lile kopo, akakoroga udongo na maji kwenye bakuli mpaka ukawa kama uji, akaumimina kwenye chupa ya kwanza, akaizungusha taratibu ipite kila mahali mpaka shingoni. Kisha akaisuuza. Akaisuuza tena. Midomo yake ilikuwa inahesabu. Nilihesabu naye: mara moja kwa udongo, mara sita kwa maji. Akaiweka juu ya bati juani, akachukua ya pili.

Nilikuwa nimeshika simu, narekodi. Mwizi wangu huyo hapo, na maji ndiyo hayo hayo yanayoharibu kila kitu. Jua la Dodoma linakausha nguo kabla hujamaliza kuanika, lakini si shingo ya chupa ya kioo iliyosagwa ili iingiane na nyingine. Mle unabaki utando usiouona, na chembe za udongo zinaushikilia. Kilichobaki kilikuwa kumtumia Optatus ile video. Kidole kilikuwa pale pale.

Kilichonizuia si huruma. Ni ubishi wangu. Kama unataka kuharibu fungu, kikombe kimoja cha maji kinatosha. Unamimina, unaenda zako. Mharibifu hapendi kuchoka. Huyu alikuwa anaosha kwa uangalifu, jasho likimtoka, anaosha hata vizibo, hata koleo la kushikia, anaosha kwa kuhesabu. Na ule udongo wa nini? Niliutazama uso wake kwenye simu. Haukuwa uso wa mtu anayeiba. Ulikuwa uso wa mtu anayeogopa.

Nikairudisha simu mfukoni, nikatoka kwa lango la mbele mpaka nyumba ya pili, kwa Bi Lulu. Ni mama wa makamo, mtu wa mjini wa siku nyingi, anauza sambusa na maandazi, na ukimuuliza jambo hakuulizi unataka kulifanyia nini.

"Shikamoo, Bi Lulu."

"Marahaba, mwanangu. Leo mapema."

"Sijaja kununua. Nina swali. Mtu akiosha chombo mara saba, na mara mojawapo kwa udongo, anafanya nini?"

Alikuwa anakunja sambusa. Mikono ikasimama.

"Kimeguswa na nini? Mbwa, au nguruwe?"

"Kwa nini iwe hao?"

"Kwa sababu sisi Waislamu hatuoshi hivyo kwa kingine. Uchafu wa kawaida unasuuza, unaondoka, basi. Hivyo ulivyosema ni najisi ya mbwa, au ya nguruwe. Mna mbwa pale kwenu?"

"Hatuna."

"Haya," akasema, akarudi kwenye sambusa zake.

Nikabaki nimesimama pale kama nimesahau nilikotoka. Maana unga wetu haukuwa ule wa zamani. Wa zamani ulitokana na ukungu kama ule wa mkate uliolala, ukija kwa ndege kwenye chupa ndogo. Mwezi wa kwanza Optatus alisema mzigo umekwama, akaanza kutengeneza wake mwenyewe kwenye stoo ya nyuma, kutoka kongosho la mnyama. Akasema hizo ni siri za kiwanda, nisizungumze nje. Kila Jumamosi alikuwa anakuja na kikasha cha barafu. Mimi nikafikiri ng'ombe. Dodoma ukimtajia mtu machinjio, anafikiri ng'ombe. Na kitimoto, yaani nyama ya nguruwe, nimekila mara nyingi tu pale barabarani, lakini haikunipitia kichwani hata siku moja kwamba kinaweza kuwa kimekuja kazini.

Optatus aliporudi nilimkuta hajakaa.

"Dokta, kongosho lile ni la mnyama gani?"

"La nguruwe," akasema, akitafuta miwani. "La ng'ombe halichagui vizuri, nililijaribu. Kwani vipi?"

"Shaban anajua?"

Hapo akaacha kutafuta. "Si cha kula, Ruthu. Ni kemia."

"Sikuuliza kama ni cha kula."

"Ningemwambia angeondoka. Nitampata wapi mtu mwingine anayejua vile vyombo? Nikasema, asichokijua hakimsumbui."

"Anajua," nikasema. "Na kinamsumbua. Ndiyo maana anaosha."

Nikamweleza nilichokiona. Nilidhani ataona aibu. Lahaula, mwanamume akacheka, cheko la mtu aliyetua mzigo.

"Kumbe ni maji tu. Basi ni rahisi. Wewe mwambie umeniuliza, na mimi nimesema ni la ng'ombe, la machinjio ya kawaida. Wewe atakuamini. Si mnakula pamoja?"

"Hatuli pamoja tena."

"Basi hiyo itawarudisha pamoja."

Nina hasira za karibu, kila mtu ananijua, lakini ile haikuwa ya karibu. Ilikuja polepole. Wiki zote zile alikuwa ananisukuma nimchunguze Shaban, na akanikataza nisimuulize, kwa sababu swali lingerudi mpaka kwenye kikasha chake cha barafu. Alikuwa tayari kumpeleka mtu polisi kuliko kumtajia mnyama.

"Kwenye friji kuna chupa ya ule unga wa ukungu," nikasema. "Nusu yake."

"Umepitwa na muda."

"Nitaupima. Nusu ile inatosha fungu la Kongwa."

"Na baada ya hapo?"

"Baada ya hapo utaagiza mwingine. Mimi sisomi tena harufu ya unga ule wa stoo. Soma mwenyewe, uweke na sahihi yako, uwaambie wanunuzi ni ya nani."

Hakuna mnunuzi aliyewahi kuiona sahihi yake; karatasi zote za vipimo zilikuwa na yangu. Akavaa miwani na kusema nifanye ninavyotaka, kwa sauti ya mtu anayeahidi kukumbuka.

Shaban alikuwa gereji, anazipanga chupa zake kutoka juani. Nilikuwa nimejiandalia maneno ya kuanzia mbali, yakapotea.

"Shaban, unga ule ni wa nguruwe. Nimejua leo. Nimekuja kukwambia."

Hakugeuka mara moja. Akaiweka chupa aliyokuwa ameshika, akahakikisha imekaa.

"Nilijua tangu mwezi wa pili," akasema. "Mchinjaji alileta mzigo siku Dokta hayupo. Mimi ndiye niliyefungua geti. Akanipa kikasha mkononi, akasema, mwambie bosi kitimoto chake hiki."

"Kwa nini hukuuliza?"

"Ningemuuliza nani? Mtu akikuficha jambo kama hilo, ukimuuliza anakuficha na jingine. Nilidhani mnajua wote wawili." Hapo ndipo akageuka. "Nilidhani nikitoka mnanicheka, dada Ruthu. Siku ile ulipokuja na ndoo tupu, nilijua umetumwa."

Na kweli nilikuwa nimetumwa.

"Ungeondoka basi," nikasema. "Kwa nini ulikaa unajitesa na mgao huu?"

"Ustadhi Abdulnasiri naye aliniambia hivyo. Uliza, na wakikuficha, ondoka." Akapangusa mikono kwenye lile shati la kazini. "Lakini kile chambo kinatundikwa juu ya chakula cha watu. Mama mkwe wangu yuko Kibaigwa, ameutundika mtego kwenye mahindi yake kwa neno langu mimi. Majirani zake pia, na wengi ni Waislamu wenzangu. Chupa iliyobeba unga leo, kesho inakinga harufu. Nikasema, mimi nikiondoka, nani ataosha?"

Nikamwambia sasa kuhusu namba zangu, tisini na moja, themanini na saba, na kwamba yale maji yake ndiyo yaliyokuwa yanafungua kile kilichofungwa. Hakuwa amejua. Optatus alikuwa amenikataza kuzungumza na Shaban juu ya vipimo, na mimi nilikuwa nimetii. Akakaa kwenye dumu lililopinduliwa.

"Kwa hiyo ni mimi ninayewamalizia mtama."

"Ni maji," nikasema.

"Na wewe ulidhani ni nini?"

Nilitamani aulize kitu kingine chochote. "Nilidhani unatuhujumu. Nimekurekodi."

Akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyetajiwa bei aliyokuwa ameshaikisia. Hakunigombeza. Ingekuwa afadhali anigombeze.

Alikubali kukaa kwa ajili ya fungu lile. Sharti lake lilikuwa moja: mipira yote ya zamani ishushwe, na watu waambiwe sababu, Waislamu na wasio Waislamu, kila mtu aamue mwenyewe. Optatus aliposikia alisema tutafunga kiwanda. Shaban akamjibu kwa adabu kwamba anaweza kukifunga. Jumamosi nikaenda mwenyewe, Kongwa kwanza halafu Kibaigwa, nikasimama mbele ya watu na kusema jina la mnyama. Mama mkwe wa Shaban alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akanyoosha mtego kwangu kwa ncha ya kijiti. Mama yangu mimi alisema ng'ombe au nguruwe kwake ni mamoja, yeye anataka waliomo kwenye kihenge watoke.

Ijumaa kabla ya safari hiyo tulikuwa tumeosha vyombo vyote kwa mara ya mwisho. Shaban aliosha, mimi nikammiminia maji kwa jagi kama unavyomnawisha mgeni. Saba kwa kila chombo, moja ya udongo. Optatus alipita mara moja akatazama ndoo zinavyokwisha, akaingia ndani. Vyombo vikaenda oveni siku mbili mchana na usiku, ufunguo nikakaa nao mimi. Jumatatu tukatia unga wa ukungu. Jumatano nikajaza bomba langu, nikawasha mwanga, nikasoma. Tisini na nane. Nilimwita Shaban aje aone mwenyewe. Akainama, akaangalia, akasema vizuri.

Wiki mbili baada ya mipira mipya kufika Kongwa, mama akapiga. Hakusalimia hata kidogo. "Gundi imejaa mpaka haina nafasi," akasema. "Lete mingine. Nimeweka sikio tena, kumetulia." Nikamwuliza ni kiasi gani kilichobaki. Akasema ukipunguza uji wa asubuhi kinafika mavuno, na kama hakifiki, nitajua mimi niliyesimama kanisani. Nikasema sawa, mama.

Siku hiyo nilipika mwenyewe alfajiri. Ugali wa uwele, mlenda, na maharage pembeni. Mchana nikautandika mkeka nyuma, penye kivuli cha tangi, nikaweka sinia katikati, nikamwita Shaban. Optatus alikuwa mjini. Shaban akaja na kontena lake, akakaa upande wa pili wa sinia. Hakunipa mgongo, na mimi nikafurahi mapema.

"Unga umebadilika, Shaban," nikasema. "Kila kitu kimeoshwa. Umeosha mwenyewe."

"Najua."

"Basi nawa tule."

Akautazama mlenda. Akaniinulia macho, na yale macho niliyajua, kwa sababu ni yangu. Ndivyo mimi ninavyowatazama watu. Wiki zote zile ndivyo nilivyokuwa nikimtazama yeye.

"Dada Ruthu, samahani. Huu umepikwa na nini?"

Nikamwambia. Nikamwambia mlenda niliutoa kwa mama, umekaushwa juani kwetu. Karanga nilinunua soko la Majengo, nikatwanga mwenyewe. Mafuta ni ya alizeti, chupa iko jikoni, akitaka nitamletea. Chumvi, magadi kidogo, nyanya. Sufuria ni jipya. Mwiko ni mpya. Nilitaja kila kitu mpaka maji nilichota wapi, na sijawahi katika maisha yangu kumweleza mtu chakula changu namna ile. Kisha nikasubiri mkono wake.

"Ahsante," akasema. Nilimwona anaamini. Nilimwona pia anaamini na bado hawezi.

Akafungua kontena lake. Lilikuwa na wali wa Yusra na samaki. Akasema bismillahi, akaanza kula taratibu akiwa amenielekea, na mimi nikanawa nikala peke yangu kwenye sinia la watu wawili.